Mtani wake alimwambia akimbie, akacheka: yaliyotukuta Kolwezi

Wakuu, habari za humu ndani.

Nimesoma ule uzi mliobishana mpaka mkatukanana, eti research ya maana ni ya engineering na biology tu, sisi wa mila na desturi tunamaliza karatasi bure. Sikuchangia kule kwa sababu ningeandika kwa hasira. Nikaona nifungue uzi wangu.

Nitakayosema niliyaona kwa macho haya. Majina tu ndiyo nimebadilisha. Mnisamehe nikienda polepole, kuna sehemu bado zinaniuma.

Mimi ni mama wa Kigoma sasa, lakini nimezaliwa Kolwezi, kule kwenye shaba ya Kongo. Baba yangu alikuwa Mwislamu wa Maniema, alikuja na malori akaoa, akabaki. Kwa hiyo mji ule sikuwa wa kabila hili wala lile, nilikuwa binti wa dereva.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilikuwa nafundisha chuo kidogo pale. Paa la jengo letu lilianza kuingiza mvua, watafiti watatu tukahamishiwa nyumba moja ya zamani ya kampuni ya mgodi. Kila mtu chumba chake, veranda yetu sote.

Chumba cha kwanza, engineer Mwepu. Mtu wa Katanga, mrefu, mwenye sauti ya mnadani. Alikuwa anatafuta njia ya kutoa shaba iliyobaki kwenye yale mabwawa ya tope ambayo kampuni ilishayatupa. Ndoo za tope zilijaa mpaka mlangoni, na harufu ya asidi ilikuwa inatukohoza.

Chumba cha pili, Kabeya wa biology. Huyu alikuwa na mapenzi na ua moja dogo la zambarau linaloota kwenye vilima vya shaba, mahali ambapo mimea mingine inakauka. Alilipanda kwenye makopo ya maziwa ya unga. Likiwa kwenye udongo wa shaba linachanua. Ukilihamishia udongo mzuri wa bustani, linaoza. Alitaka kujua kwa nini.

Cha tatu mimi na redio yangu ya kaseti. Utafiti wangu ulikuwa utani.

Najua mnacheka. Chekeni tu.

Kabeya asili yake Kasai, ingawa alizaliwa Kolwezi hospitali ileile niliyozaliwa mimi. Babu yake ndiye aliyeletwa kufanya kazi mgodini. Sasa kwenye kambi za wafanyakazi, watu wa Katanga na wa Kasai walikaa mlango kwa mlango miaka mingi, wakazoeana, wakaanza kutaniana, mwisho wakawa wanazikana. Hakuna aliyewarithisha, walijitengenezea wenyewe. Mwepu na Kabeya walikuwa watani wa namna hiyo.

Kila asubuhi Mwepu akifika anapiga kelele toka barabarani: "Weye Mukasai, uko huku bado? Treni iko nakungoja ku gare!"

Gare ndiyo stesheni. Na Kabeya bila kuinua macho kwenye makopo yake anajibu: "Nikienda, nani atakufundisha kuandika jina yako?"

Mimi narekodi. Nina kaseti tele za hao wawili.

Baba yake Kabeya alipofariki, Mwepu alikuja msibani amejifunga kanga ya kike, akaangua kilio kuliko wajane. Machozi ya kweli kabisa, sijui aliyatoa wapi. Makaburini akashuka shimoni akalala, akasema hatoki mpaka apewe bia. Watu walicheka huku wanalia. Mama Ngalula, mke wa Kabeya, alimpigia makofi. Ndiyo kazi ya mtani msibani, nyie mnajua.

Nikaandika kwenye thesis yangu kwamba utani ni kama kufungua kidogo kifuniko cha sufuria, mvuke ukitoka chungu hakifuriki. Kwamba watu wanaotukanana kwa kucheka hawawezi kuuana. Niliipenda sana sentensi ile.

Halafu mambo yakaharibika.

Mgodi ukasimama. Mishahara ikakatika. Hospitali ikabaki na vitanda tu. Njaa ikaingia nyumba ambazo hazijawahi kuijua, na njaa wakuu haina adabu. Wakubwa wakapanda majukwaani wakasema wenye makosa ni watu wa Kasai, wamekalia kazi za wenyeji. Wakawaita bilulu, yaani wadudu.

Kabeya akasema veranda ile: "Bilulu si kazi yangu, mi ni mutu ya majani." Tukacheka sote watatu. Nilirekodi hata hilo.

Miji mingine watu wa Kasai wakaanza kufukuzwa warudi kwao. Wengine walikuwa wanakuja kupandia treni kwetu, wengine Lubudi, stesheni nyingine ya njia hiyo. Kabeya alisema Kolwezi haitafika huko, sisi ni watu wa kambi.

Siku moja mchana Mwepu alisikia vijana wa mtaa wake wanapanga. Kesho yake wataanza na mtaa wa kina Kabeya. Walitaja nyumba moja moja. Aliondoka pale kama anakwenda dukani, akakimbia mpaka kwa rafiki yake.

Hii sehemu nilisimuliwa na Mama Ngalula mwenyewe baadaye.

Mwepu alisimama mlangoni akasema: "Kabeya, toka leo. Beba mama na batoto, muende ku misheni kwa masista. Kesho batakuya."

Kabeya akamwita mkewe: "Mama, lete kiti. Mutani leo amechelewa."

"Mi niko nasema kweli. Kweli ya Mungu!"

"Hata juzi uliapa."

Ni kweli juzi aliapa, eti ameshamkatia tiketi. Sasa Mwepu akaanza kulia. Mtu mzima, mlangoni, kamasi zinatoka. Na Mama Ngalula, ambaye ni mwanamke mwenye akili zake, akapiga makofi kama siku ile ya msiba. Akamwambia leo umekosa kanga tu.

Nimefikiria makofi hayo miaka yote. Simlaumu. Hata mimi ningepiga.

Mwepu akaja kwangu anahema. "Mwalimu, weye hauko mutani yake. Enda weye, atakusikia."

Nikatoka vilevile nilivyokuwa, mkoba begani. Nilimkuta Kabeya kwake, anamwagilia makopo mengine aliyoyaweka nyumbani. Nikamwambia yote, jina la mtaa, wanaoongoza, saa waliyopanga. Alinisikiliza kwa makini nikajua Mungu amesaidia.

Kisha akainama, akausogelea mkoba wangu, akasema kwa sauti kubwa ya mtangazaji wa redio: "Bonjour, mabibi na mabwana! Hapa ni Kolwezi, mutani Mwepu amemutuma mwalimu!"

Wakuu, redio ilikuwamo.

Sikuwa narekodi. Nilitembea nayo kila mahali kwa sababu wezi walikuwa wanavunja nyumba. Nikaitoa, nikamwonyesha kaseti hamna, nikaiweka chini. Alicheka mpaka akakaa. Aliniambia hiyo kazi yangu safari hii itanipa udaktari. Nikamshika mkono, nikamsihi kwa jina la wanawe. Akanipapasa bega kama mtoto, akaniambia nirudi nyumbani jua halijazama, mitaa si salama.

Asubuhi walikuja.

Mama Ngalula na watoto walitorokea uani kwa jirani mmoja mwenyeji aliyewafungulia. Kabeya alibaki mlangoni kuongea nao. Alidhani ataongea nao, nusu yao alikuwa amewafundisha. Walimpiga chuma kichwani.

Hakufa siku ile. Jirani na wengine walimfikisha stesheni, maana ndipo watu wa Kasai wote walipokusanyika. Familia na familia zimelala chini, mvua inawanyeshea, maji ya kunywa ni ya mtaro, treni haijulikani lini. Watoto walikuwa wanakufa kwa kuhara, wanazikwa palepale karibu. Mimi na Mwepu tulipeleka uji. Mimi nilipita, yeye alizuiwa. Walimwambia Mukatanga hana kazi pale.

Kabeya alikuwa hanitambui tena. Aliaga dunia kabla treni haijaja.

Mwepu akaja na jembe.

Wanaume wa Kasai walisimama kumzuia, na haki walikuwa nayo. Mmoja akaokota jiwe. Mama Ngalula, amekaa chini na kichwa cha mumewe mapajani, hakupaza hata sauti.

"Mumuache. Njo mutani yake." Yaani ndiye mtani wake.

Jiwe likawekwa chini. Mila ni mila, kaburi la mtu linachimbwa na mtani wake. Mwepu akachimba peke yake, alikataa kusaidiwa.

Lilipokwisha akalala ndani kama alivyolala kwenye kaburi la baba yake Kabeya. Tukasubiri. Wote pale tulijua kinachofuata, ni zamu yake kumtukana marehemu. Mama Ngalula akamwinamia shimoni, nadhani alitaka kweli kusikia lile neno la treni mara ya mwisho.

Halikutoka. Alilala tu macho wazi, midomo inacheza. Mwishowe akasema: "Kabeya, usiende."

Akalia. Safari hii hakuna aliyepiga makofi.

Treni ilikuja wakati tumeshazika. Mama Ngalula alipanda na watoto na kopo moja la lile ua, Mwepu alilitoa chumbani kwa marehemu akalijazia tope la bwawa lake ili lisioze njiani. Mama Ngalula alituma habari mara moja tu. Walifika Kasai wakiwa pungufu mtoto mmoja. Ua sikuthubutu kuuliza.

Nije kwenye uzi wenu. Research yangu haikuwa bure, ilikosea tu. Kifuniko kinasaidia kama moto ni wa kupikia, si kama nyumba yenyewe imewashwa. Utani uliwafundisha kupendana, lakini uliwaharibia maneno ya hatari. Walipoyahitaji yalikuwa yameshachakaa kwa kuchekwa. Hilo nisingelijua kwenye tope wala kwenye majani.

Mwepu yupo hai, ni mzee. Nilipita Kolwezi kumsalimu, tukiwa mezani nikasahau, nikamtania kidogo tu kuhusu upara wake. Akaacha kula. Akaniuliza: "Ni kweli?" Na akasubiri mpaka nilipomjibu.

Sasa ninyi Wazaramo na Wanyamwezi, Wachaga na Wapare, mnaotukanana humu kutwa nzima, naomba mnijibu bila matani. Mnayo ishara yoyote kati yenu inayosema hapa utani umeisha? Mtani wako akija leo analia mlangoni, utajuaje?