Samaki wa Ndevu Moja

Mwaka 2015, vuli ilipokuwa inaisha pale Buffalo, mama yangu alitangaza mezani kwamba anahamia Louisville kwa dada yangu. Sababu, alisema, ni samaki. Wale wa kwenye friza za maduka ya Grant Street walikufa zamani sana, hata wenyewe wameshasahau. Dada angekuja kumchukua Jumapili inayofuata sikukuu ya Wamarekani ya kula bata mzinga. Mimi sikutaka aondoke. Nilikuwa nimemsubiri miaka mingi akiwa kambi ya wakimbizi, na sasa nilikuwa nampoteza kwa sababu ya friza.

Basi nikaamua kuvua. Nilizaliwa Uvira, kando ya Ziwa Tanganyika, kwa hiyo kila mtu kiwandani nilikofanya kazi aliamini kwamba najua kazi hiyo. Baba yangu alikuwa fundi cherehani. Nilikata leseni, nikanunua fimbo ya kuvulia, na kwa ajili ya chambo nikauziwa samaki wadogo ambao kwetu tungewaita ndagala, yaani mboga ya watu wenye heshima zao. Sikumwambia mama kwamba natupa ndagala majini. Kuna mambo mzazi hapaswi kuyasikia.

Nikitoka kiwandani alasiri nilikwenda kusimama kwenye ukuta wa zege kando ya maji, nikaishusha ndoano mpaka chini kabisa, nikangoja. Giza liliingia mapema. Upepo ulipita ndani ya majaketi yangu mawili na kuendelea na safari yake. Pembeni yangu alisimama mzee mmoja Mmarekani, ambaye kila jioni aliniambia neno moja tu: "Baridi." Nami nilimjibu kwamba ni kweli.

Jumapili ya dada ilikuwa imekaribia fimbo yangu ilipoinama. Nilivuta kitu kirefu, chenye utelezi na madoa ya kahawia, tumbo limejaa, na kwenye kidevu kina ndevu moja tu, kama mtu aliyenyolewa vibaya. Kilijizungusha kwenye mkono wangu, kikakataa kuachia. Hapo yule mzee akafunguka mpaka nikashangaa. Huyu anaitwa burbot, alisema, anapenda kula wakati huu wa baridi, na watu wengine humwita wakili. Sikuuliza kwa nini. Nilimshukuru, nikakimbilia nyumbani.

Mama alichungulia kwenye sinki, akarudi nyuma.

"Hii ni kambale."

"Hapana, mama, ni burbot."

"Baboti yako iko kambale. Haina magamba. Toa."

Sisi tunasali Jumamosi, na katika kanisa letu samaki asiye na magamba haliwi. Kambale hana magamba, hilo linajulikana hata kwa watoto. Mimi sikuwa nimelifikiria kabisa. Nilikuwa nimegandisha vidole jioni zote zile ili kumletea mama yangu najisi, tena mbichi.

Nikampigia simu mzee wa kanisa letu aliyehamia mji wa Columbus, mtaa wa Clintonville, mtu ambaye mama anamwamini kuliko daktari. Nilimtumia picha. Televisheni ilisikika nyuma yake.

"Bon," akasema hatimaye. "Kwa picha, ni kambale kabisa. Lakini mukamate kisu, mukwangue toka mukia kwenda kichwa. Kisha muangalie kisu, musiangalie samaki."

Mama alikwangua. Alivaa miwani yake, juu yake akavaa yangu, akakisogeza kisu kwenye taa. Kwenye makali kulikuwa na vitu vidogo sana, vyembamba, kama pumba za unga.

"Iko kitu," akasema. "Lakini iko kadogo sana."

"Mungu alisema magamba," sauti ya Columbus ikajibu. "Ukubwa hakutaja, mama."

Alimpika kwa nyanya na kitunguu. Ini lilikuwa kubwa, akaliweka kwenye sahani yake mwenyewe wala hakunionjesha. Alikula taratibu, akafyonza mifupa ya kichwa, akakomba mchuzi kwa tonge la mwisho. Nilikaa namtazama, nimefurahi, naogopa kusema neno nikaharibu.

"Huyu alitoka mutoni?" akauliza.

"Hapana, mama. Ziwani."

"Ziwa gani?"

"La hapa hapa. Ni karibu tu kwa gari."

Akaacha kutafuna. Alipofika Amerika ilikuwa Februari. Tulipita kando ya ziwa likiwa limeganda, jeupe lote, naye akauliza ni nani analima shamba kubwa namna ile. Tulicheka ndani ya gari. Kumbe hakuna aliyemjibu. Tangu siku hiyo alikuwa ameona kanisa, kliniki na maduka ya Grant Street, nasi sote tukadhani anajua.

"Siku zote hizi," akasema polepole, "munanificha ziwa."

Nilitaka kucheka, kisha nikaona macho yake. Niliosha vyombo.

Kesho yake nilimpeleka. Alivaa koti langu juu ya koti lake, na kitenge juu ya yote mawili. Alisimama pale ukutani akitazama upande ambao ng'ambo haionekani, mawimbi yakipiga zege, na alitazama kwa muda mrefu bila kulalamikia chochote, jambo ambalo si kawaida yake. Yule mzee wa Kimarekani akamwambia "Baridi." Mama, ambaye haelewi Kiingereza, akamwitikia kwa kichwa. Kisha akaninyang'anya fimbo.

Dada alipiga simu tukiwa bado pale, kuuliza masanduku ni mangapi. Niliweka spika nikamshikia mama simu, maana mikono yake ilikuwa na kazi.

"Mama, hata huku Louisville maji iko," dada akasema. "Iko mto mukubwa, inapita pale pale kwa mji."

"Mto inapita," mama akasema. "Na mimi nilishapita nchi za kutosha, mwanangu. Nabakia huku."