Pua ya Mzee Sahani

Mzee Sahani alikuwa na pua ambayo ungeigawa ingetosha nyumba nzima, na jirani akasaziwa. Wachimbaji wenzake walimsihi asigeuke ghafla, asije akamwangusha mtu bwawani. Lakini pua ile, kwa ukubwa wake wote, ilikuwa na kazi moja tu: kubeba miwani. Ilikuwa imekufa. Miaka ishirini na tisa ya moshi wa pampu iliiua kimyakimya, na mwenyewe akaizika bila matanga. Mlinzi wa maji asiyenusa ni mbwa asiyebweka. Nani angemwacha kazini?

Alifanya kazi kwenye machimbo ya changarawe kando ya mto. Changarawe ikishaoshwa, maji machafu hupitishwa katika mabwawa matatu, tope likatuama taratibu, ndipo maji yarudishwe mtoni. Mzee alikaa kwenye bwawa la tatu na sahani yake nyeupe ya bati, yenye ua jekundu katikati, imefungwa kamba. Aliizamisha kina cha mkono mzima. Akiliona ua, anafungua mlango wa maji. Asipoliona, anafunga, na mtambo wa kuoshea unasimama hata kama malori yamepanga foleni mpaka barabarani.

"Mzee, hilo ua lako litatulaza njaa," msimamizi alilalama.

"Afadhali tulale njaa kuliko wenzetu wa chini wanywe uji wa udongo."

Wenzao wa chini walimwamini kuliko mvua. Aliyekaa karibu zaidi alikuwa binti yake wa pekee, pale mto unapopinda, kwenye kisima alichochimbiwa na baba yake alipojifungua mtoto wa kwanza. Mume alishakwenda zake. Alimwachia watoto watatu na sufuria mbili, moja haina mfuniko. Kwa maji ya kisima kile binti alifua nguo za watu, akala na wanawe. Kisima ndicho kilichomweka pale.

Asubuhi moja akapanda hadi machimboni na ndoo kichwani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Nina mabwawa matatu, nawe unaniletea ndoo?"

"Maji ya kisimani yana harufu. Hebu nusa."

Msimamizi alikuwa amesimama hatua tano kutoka pale. Mzee akaitumbukiza pua ndani ya ndoo, akavuta pumzi ndefu, akafumba na macho, kama mtu anayenusa kweli. Hakusikia kitu. Akazamisha sahani, ua likaonekana wazi, utadhani limechanua asubuhi hiyo. Akachota kikombe, akanywa chote. Lakini ulimi bila pua ni kipofu aliyepoteza fimbo.

"Haya hayana neno. Labda ni sabuni yako ya kufulia."

"Una hakika, baba?"

"Nimeanza kuchunga maji wewe hujaota meno. Unataka kunifundisha?"

Binti akarudi. Majirani walipouliza, aliwajibu, "Baba amesema." Wakachota, wakapika, wakaogesha watoto.

Wiki ya saba watoto wa binti walikuwa na mabaka mwili mzima, na mdogo wao hakuzuia chakula tumboni. Kwenye zahanati, muuguzi aliomba aletewe maji wanayokunywa. Alifungua dumu, akalifunga hapohapo.

"Dada, hii ni dizeli. Hamna pua nyumbani kwenu?"

Kutoka zahanati binti alikwenda moja kwa moja machimboni. Mzee aliposikia, miguu ilimpeleka yenyewe kwenye tangi la dizeli ya pampu. Lilisimama juu ya changarawe tupu. Alishaomba lijengewe sakafu ya zege na ukuta wa kuzuia, akaambiwa mwezi ujao, na huo mwezi ujao ulikuwa na zaidi ya mwaka. Akachimba kwa mikono chini ya koki. Huko juu lilidondoka tone moja moja, changarawe ikalinywa kabla halijalowesha kitu. Huku chini shimo likajaa maji yenye rangi za shingo ya njiwa. Alilinda njia ya tope miaka yote. Dizeli ilijipitia ardhini, ikaenda kisimani.

"Baba, siku ile ulinusa nini?"

"Sikunusa."

"Niliona umeinama ndani ya ndoo."

"Niliinama. Pua hii ilikufa zamani, mwanangu. Niliogopa yule asije akajua, akanifukuza." Alimwonyesha kwa kidevu msimamizi, aliyesimama kando ya pampu.

Binti alimtazama msimamizi, kisha baba yake, kama watu wawili aliowakuta kwenye foleni.

"Ungesema hujui tu. Ningemuuliza mwenye pua."

Tangi lilihamishwa wiki hiyohiyo. Mtaalamu wa maji alikuja, akanusa, akasema kisima hakitafaa mpaka watoto hawa wapate watoto wao. Machimbo yakatoa msaada: lori moja la changarawe, bure, ya kukifukia.

Aliyeshika koleo ni Mzee Sahani. Binti alikuwa akifunga mizigo kwenda kwa mama yake mdogo, safari ya siku mbili, ambako maji huchotwa kwa zamu na wageni huchota mwisho.

"Acha nikushikie hilo furushi."

"Fukia, baba. Fukia mpaka juu kabisa, asitumbukie mtoto wa mtu."

Akafukia. Walipoanza kuondoka, mjukuu mkubwa aligeuka.

"Mama, babu haji?"

"Babu ana kazi," binti alisema, akamshika mkono wakaendelea.