Nyumba niliyoisifia mtandaoni kumbe ni ya dada yangu

Admin, jina langu naomba lisitirike, maana huku wote tunajuana. Shikamooni wakubwa, wadogo zangu hamjambo. Mimi ni mama wa miaka thelathini na mbili, nina mume na watoto wawili, naishi Isingiro, Kyerwa. Tunalima migomba na kahawa. Nyumba yetu ni ya kawaida na namshukuru Mungu, ila nina ugonjwa mmoja: napenda kuangalia nyumba zinazouzwa. Nikishainjika ndizi jikoni nashika simu, naingia kwenye kurasa za madalali, naangalia masebule yenye dari za jipsamu, makabati mpaka juu, taa za kuning'inia. Sina mpango wa kununua. Naangalia tu, roho inatulia. Mume wangu hunitania, "Leo umehamia wapi, mama?"

Wiki iliyopita dalali mmoja akaweka video ya nyumba ya Kayanga. Nilifurahi kuona hata hapo jirani, Karagwe, kuna vitu. Ilianzia jikoni: vigae vyeupe, rafu za mbao, sinki mbili, dirisha kubwa linaloingiza mwanga mezani. Nikaandika kwenye maoni, "Mwenye nyumba hii ana jicho, hongera zake." Kisha wakaingia sebuleni. Ukuta mmoja umepakwa rangi ya kahawa iliyokaangwa, mapazia ya kijani yenye marinda. Nikairudisha video nyuma, nikaangalia tena. Mapazia yale aliyashona dada yangu mwenyewe, mimi nikimshikia kitambaa. Pale ilipokuwa picha ya harusi yao, umebaki msumari.

Jiko sikulitambua kwa sababu ni jipya. Dada amemwomba mumewe jiko la namna ile tangu waoane, akawa anaambiwa asubiri. Sasa yuko Mabira anamuuguza mama yetu aliyevunjika nyonga, huku nyuma jiko limejengwa ili limvutie mnunuzi.

Nikampigia shemeji. Akasema, "Shemeji, umeiona? Basi. Mimi na dada yako tulishamalizana moyoni, yeye tu hajajua. Naanza maisha mengine Mwanza."

"Na yeye akalale wapi?"

"Kiwanja kina jina langu. Nitamwambia mwenyewe mama yenu akipona. Ukimwambia sasa hivi, yule mzee atasikia kilio, presha impande, afe. Utakuwa umemuua wewe."

Akakata simu. Nililia mpaka ndizi zikaungua.

Mume wangu nilipomweleza alisema, "Mambo ya mke na mume usiyaingilie. Kesho watapatana, wewe ubaki adui." Lakini tangazo linasema wateja wanakaribishwa kuona nyumba siku yoyote. Akitokea mtu leo akaipenda?

Juzi nikapanda bodaboda hadi Mabira, nimejipanga kumwambia. Nikamkuta dada anamgeuza mama kitandani, amekonda, miguu imevimba kwa kusimama. Kaniona akacheka. Tulipotoka nje kuanua nguo akaniambia taratibu, "Mdogo wangu, nimewaza sana. Mama hatakaa tena peke yake. Nitampeleka kwangu Kayanga. Kile chumba cha nyuma nakipaka rangi ya maziwa, kitanda nakiweka dirishani aone watu wakipita. Unaonaje?"

Nikasema, "Ni vizuri, dada."

Mdomo wangu ndio ulisema hivyo. Akaendelea kuniuliza kuhusu zulia, kama liwe zito ili mama asiteleze, na kama shemeji yangu atakubali. "Atakubali," akajijibu mwenyewe. "Yule mwanaume hana maneno." Nikasingizia kwamba pikipiki inanisubiri, nikaondoka bila hata kunywa chai. Mama aliniita kwa ndani nikajifanya sikusikia.

Tangu nirudi dada ananitumia picha za vyumba alivyovipenda, anataka nimchagulie, kwa kuwa anajua mimi ndiye mpenzi wa mambo hayo. Namjibu. Nachagua. Kila nikichagua najiona kama namsaidia shemeji kumzika.

Ndugu zangu, hasa ambao nyumba zenu ziliwahi kuuzwa bila ninyi kujua, nisaidieni mawazo. Nimtoe nje nimweleze yote, hata kama mama atasikia? Niende kwanza kwa mwenyekiti wa mtaa wa Kayanga kuizuia nyumba? Au nimngoje huyu mwanaume aseme mwenyewe? Msinitukane, nimechoka. Asubuhi hii dada ameniuliza, "Mbona siku hizi unajibu kwa mkato, nimekukosea nini?"