Nyati wa Pambizo Nyeupe

Mwaka jana nilikwenda Keroka kumtembelea dada yangu, nikamkuta mwanawe amenuna mbele ya sahani ya ugali wa wimbi uliokuwa ukipoa. Nilidhani anaumwa. Kumbe ni mchezo wa kwenye simu. Mpiganaji wake, aliyemlea tangu likizo iliyopita, alikuwa ameamka mnyonge kwa sababu wenye mchezo walikuwa wamebadilisha sheria. "Anti, hajafanya kosa lolote," akaniambia. "Jana alikuwa anashinda kila mtu." Dada yangu akamwambia aache upuuzi ale. Mimi sikumcheka, kwa sababu nilikuwa nimeshayasikia maneno hayo kabla mtoto huyo hajazaliwa.

Wewe uliyekulia Gesima miaka ile ya tisini huhitaji kukumbushwa kituo cha kununulia majani chai. Kwa wengine nitaeleza. Kilikuwa banda la mabati lisilo na kuta, lenye meza ndefu ya mbao na mizani iliyoning'inia kwenye ndoano. Baada ya shule tulibadilisha sare, tukamsaidia nyanya kuchuma majani, kisha sisi watoto tukatumwa kubeba vikapu na kushika foleni. Nyanya, tuliyemwita magokoro kama watoto wote wa kwetu, alikuja nyuma polepole akiwa amejifunga leso mbili. Karani alifika anapotaka, lori la kiwanda lilifika linapoweza, na mvua haikukosa kupita hapo katikati. Harufu ya majani mabichi yaliyoanza kupata joto ndani ya kikapu bado naijua hata nikifumba macho. Ilikuwa harufu ya kusubiri.

Katika kusubiri huko ndiko tulikocheza kadi. Usidhani ni karata za kamari; nyanya alidhani hivyo, naye Msabato wa kweli, akasema akiziona nyumbani kwake atazitia jikoni pamoja na kuni. Zilikuwa kadi ndogo zilizofungwa pamoja na chingamu, na chingamu hiyo iliuzwa Keroka kwenye duka la Mhindi mmoja ambaye mkewe aliongea Kikisii kizuri kuliko mapadri wa misheni. Kila kadi ilikuwa na picha ya mnyama, pambizo nyeupe kuzunguka picha, na namba chini yake. Namba ilikuwa ndiyo nguvu. Wawili mnaweka kadi chini kwa pamoja, mwenye namba kubwa anachukua zote mbili. Hakukuwa na sheria nyingine, na hatukuona haja ya nyingine.

Mwenye kadi bora kituo kizima alikuwa msichana wa jirani yetu, tuliyesoma naye darasa moja. Alikuwa na nyati. Nyati alikuwa na tisini na tisa, na hatukuwahi kuona mnyama aliyemzidi. Kaka yake alikuwa tanboi wa lori la soda, na kila alipopita Keroka alimnunulia dadake chingamu, akamletea kadi zikiwa bado na unga mtamu wa waridi. Kisha lori lile lilianguka kwenye kona moja upande wa Kericho, kaka akazikwa nyuma ya nyumba yao, karibu na migomba. Baada ya wiki kadhaa msichana akarudi kituoni na kikapu chake na kadi zake. Alikuwa akiziweka kwenye mfuko wa plastiki wa mkate, na alipocheza, nyati ndiye aliyezilinda zile nyingine. Ukimpokonya kadi moja, alimtoa nyati akairudisha.

Mambo yaliharibika kadi mpya zilipoingia. Mwana wa karani ndiye aliyezileta kwanza. Wanyama walikuwa wale wale, lakini pambizo zilikuwa na rangi: nyekundu, kijani na manjano. Nyuma pameandikwa kwamba nyekundu inashinda kijani, kijani inashinda manjano, na manjano inashinda nyekundu. Namba inaangaliwa tu rangi zikilingana. Alitusomea kwa sauti ya mwalimu wa zamu, akarudia mara ya pili kwa ajili ya wadogo.

"Na hizi zetu nyeupe?" mtu akauliza.

Akageuza kadi, akatafuta. "Nyeupe haijatajwa. Kwa hivyo inashindwa na zote."

Msichana wa jirani akasimama. "Haijatajwa maana yake haishindwi na yoyote. Pameandikwa wapi kwamba nyeupe inashindwa?"

"Pameandikwa wapi kwamba inashinda?"

"Nyati ni tisini na tisa. Swala wako wa nyekundu ana ishirini. Swala atamuua nyati na nini?"

"Na rangi," mwana wa karani akajibu, nasi tukacheka, ingawa nusu yetu tulikuwa na mifuko iliyojaa nyeupe.

Ubishi ule ulidumu siku nyingi. Ulianza njiani tukitoka shule, ukaendelea mashambani kutoka mstari mmoja wa michai hadi mwingine, ukafika hadi mezani kwa karani. Karani alikuwa mtu mwembamba mwenye koti la mvua lisilovuliwa hata jua likiwaka. Siku hiyo alikuwa ametoka kuwaambia kina mama kwamba kiwanda hakitapokea tena majani yaliyobebwa kwenye magunia, ni vikapu tu, nao walikuwa wamempandia kwa maneno. Tulipomletea kesi yetu alitutazama kana kwamba tumetumwa kumalizia kazi yao.

"Za zamani zicheze na za zamani," akasema. "Mpya na mpya. Halafu mtoke kwenye mizani yangu."

Tuliona amehukumu kwa haki. Hata msichana wa jirani alionekana kuridhika, kwa kuwa nyati alibaki nyati. Lakini hukumu ile haikusema ni nani atakayebaki na za zamani. Duka la Keroka lilikuwa limemaliza zile nyeupe. Kila chingamu mpya ilitoka na rangi, na kila aliyepata rangi alihama upande wa pili wa banda, ambako kelele zilikuwa kubwa zaidi. Upande wetu ulipungua kama foleni lori linapopakia. Mwishoni tulibaki mimi na yeye. Mimi nilikuwa na rangi chache tayari, ila nilizificha kwenye soksi nikacheza naye zile nyeupe. Alinishinda zote. Alipozimaliza akanirudishia ili tuanze tena, na nilipozipokea nilijua huo si mchezo tena. Yeye pia alijua.

Alasiri moja, mvua imetoka kukatika na maji yanadondoka kwenye ukingo wa mabati, aliinuka kutoka karibu yangu, akavuka hadi upande wa pili. Akachuchumaa mbele ya mwana wa karani na kumweka nyati chini.

"Tucheze," akasema. "Kwa sheria zako."

Mwana wa karani akamtazama, akatutazama sisi. Alikuwa mjuaji, lakini hakuwa mbaya. "Hiyo utapoteza."

"Weka yako."

Akaweka swala mwekundu. Sote tukainama kutazama. Ungedhani tulikuwa tunamngoja nyati afanye jambo fulani. Baadaye mwana wa karani akaokota swala wake peke yake, akamsukuma nyati kwa kidole kumrudishia. "Chukua tu. Kwangu haina kazi."

"Umeshinda," msichana akasema. "Beba."

"Nimesema sitaki."

"Ukishinda unabeba. Hiyo nayo mmebadilisha?"

Mwana wa karani akaokota nyati, akampangusa tope kwenye kaptula yake pande zote mbili, akamtia kwenye mfuko wa shati. Kisha, bila kuambiwa na mtu, akasogea kidogo kwenye gogo alilokalia ili kuwe na nafasi. Msichana akakaa. Mimi nikavua zile rangi kwenye soksi, zikiwa zimelowa, nikamkopesha kijani moja. Alicheza hadi lori lilipopiga honi kule chini kwenye kona, na kufikia hapo alikuwa na rangi zake tatu, moja ikiwa ya mwana wa karani mwenyewe.

Rangi nazo hazikukaa. Kabla ya mwaka kwisha chingamu ilianza kuja bila kitu ndani, na watoto wakahamia gololi. Nyanya hakupata kadi hata moja ya kutia jikoni. Zangu ziliishia chini ya godoro, zikaliwa na unyevu.

Yule msichana sasa ni muuguzi mjini Nyamira. Tulikaa meza moja kwenye harusi ya binamu yake, nikamuuliza kwa nini alimtoa nyati siku ile huku akijua. Alifikiri kidogo, akitafuna. "Nilichoka kukaa na kitu ambacho hakuna mtu anataka kuninyang'anya," akasema, kisha akaniomba nimpitishie chumvi.

Kituo bado kipo. Kimewekewa kuta na sakafu ya saruji. Majani yanaletwa kwa pikipiki, yanapimwa kwenye mashine inayotoa risiti, na aliyeyaleta anaondoka kabla injini haijapoa. Sijaona watoto pale. Pengine ni vizuri. Wako shuleni hadi jioni, na migongo yao itanyooka kuliko yetu. Ila ile saa ya alasiri imekwisha, saa ambayo hatukuwa na la kufanya ila kukaa pamoja chini ya mabati, tukibishana hadi koo zikauke juu ya jambo ambalo halikumhusu mtu mzima yeyote duniani.