Nilibonyeza Hapana, Sawsan Akafukuzwa

Mzee mmoja hapa mjini Irbid aliambiwa figo zake zimekwisha. Wiki nzima alilia na kuwagawia wanawe mizeituni yake.

Figo zake zilikuwa nzima. Majibu yalikuwa ya mtu mwingine.

Kosa lilikuwa langu, na leo nalisema.

Mimi ni Abu Layth. Mwaka wa kumi na tisa huu natengeneza programu ya maabara za hospitali kwa Delphi, zana ya zamani ya kuandikia programu, ile isiyojua kutunza historia ya kazi.

Akaja Sawsan, binti aliyekuwa bado kwenye majaribio ya kazi. Alipoona mafolda yangu, "mpya", "mpya kabisa", "mpya usiguse", alicheka hadi chai ikampalia.

Akatuwekea Git, ghala la kutunza kazi, pembeni. Kila mtu anatuma kazi yake kule, na kila badiliko linabaki na jina la aliyelifanya.

"Ammo, sharti ni moja," akaniambia, akiniita ami kwa heshima. "Kabla hujavuta kazi za wenzako, funga Delphi. Ukiiacha wazi inashikilia ya zamani, na ukihifadhi umefuta ya mwenzako."

"Binti yangu, nimeanza na Delphi hujaota meno."

"Basi ifunge kwa heshima ya uzee wake."

Wiki ile akarekebisha programu imtambue kila mgonjwa kwa majina manne: lake, la baba, la babu na la ukoo. Ya kwetu ilitumia mawili, na kwa majina mawili nusu ya mji huu ni mtu mmoja.

Nikavuta kazi yake Delphi ikiwa wazi. Ikaniuliza: faili limebadilika, nilisome upya?

Nikabonyeza hapana. Mimi hubonyeza hapana kwa kila kitu. Nikahifadhi, nikatuma.

Majina mawili yakarudi. Mzee akapewa majibu ya mwenye majina kama yake, na mgonjwa mwenyewe akaambiwa yuko salama, mpaka hospitali ilipogundua baada ya wiki na kumwita.

Bosi wetu Fawwaz akatuita. "Nani kagusa majina?"

"Sawsan," nikadakia. Wallahi niliamini hivyo.

Sawsan akaniangalia, akanyamaza. Fawwaz akamwambia saa nane iwe mwisho wake wa kazi.

Nikarudi mezani, nikafungua historia. Jina langu. Masikio yakaniwaka moto.

Ofisi ya Fawwaz ilikuwa hatua kumi tu. Badala ya kwenda, nikaagiza chai ya majani ya maramia.

Siku ya tatu nikampigia Sawsan simu. "Sawsan, nimeangalia historia..."

"Niliiangalia kabla hatujaitwa, ammo."

"Sasa mbona hukusema?"

"Nilitaka useme wewe. Nilikaa kwenye ngazi mpaka saa nane. Nikakuona unakunywa chai."

Nikaweka simu chini.

Nikaenda kwa Fawwaz nikasema yote. Akampigia arudi. Sawsan akakataa.

Ndugu zangu, ukikosea, sema saa ileile. Mzee nilimwomba radhi, akanisamehe. Sawsan hapokei tena simu zangu, na sina haki ya kumlaumu.