Zuleka wa Embu hauzi miwani ya baharini bila kuona uso wako

Saa mbili asubuhi, soko la mitumba la mjini Embu bado lina ukungu, na Zuleka Idrisi amekiinamisha kichwa cha mteja ndani ya beseni la maji. Mteja ni mwanamume mzima, karani wa ofisi. Tai ameitupa mgongoni isilowe.

“Sahau pua!” Zuleka anamwambia. “Pua leo imefungwa kama duka la marehemu. Pumua kwa mdomo, polepole.”

Karani anaibuka akikohoa, maji yakimchuruzika kidevuni. Wauza viatu wa kibanda cha pili wanacheka.

“Rudi tena,” asema Zuleka, hacheki. “Afadhali unywe haya ya mfereji kuliko yale ya chumvi.”

Zuleka anauza miwani ya kuzamia na mirija ya kupumulia, vile vifaa ambavyo mtu huvaa akaelea kifudifudi baharini na kutazama samaki. Kutoka hapa hadi baharini ni safari ya siku nzima. Lakini kila Agosti na Desemba, walimu, vikundi vya kanisa na vyama vya akina mama wakulima wa chai huchanga pesa wakashuka Pwani, na siku hizi hakuna anayetaka kurudi na picha ya mchanga peke yake.

Miwani anaipata ndani ya marobota ya vifaa vya michezo, vitu vilivyotumika ng’ambo. Msimu ukiwa mzuri huondoka na shilingi elfu moja kwa siku. Januari hata mia mbili ni za kuombea.

Alizaliwa hapa hapa Embu, binti wa mchinjaji. Akaolewa Msambweni, kwa marehemu Abdilatif, aliyekuwa akiwapeleka wageni kwenye mwamba wa matumbawe baharini kwa boti. Miaka tisa alikaa huko akiwavalisha wageni miwani. Siku moja akaona mwalimu mmoja wa bara akitolewa majini, anatapika, macho yamegeuka, na watu ufuoni wanacheka.

“Mtu wa bara akizama wanasema alikuwa mshamba,” anasema. “Mimi nasema alidanganywa. Kuna mtu alimwambia hiyo kitu ni rahisi, vaa tu.”

Ndiyo maana wiki hii hasira imemjaa hadi kooni.

Chama kimoja cha akina mama wa Kibugu, wachuma chai wote, kinaondoka kesho kwenda Diani. Safari imepangwa na Kathuri, kijana mwenye maneno mengi kutoka Muthara. Yeye ndiye aliyewanunulia vifaa. Mmoja wao, Igoki, mjane wa miaka hamsini na minane, alileta chake kwa Zuleka aulize kama ndivyo kinavyovaliwa.

Zuleka alikigeuza mkononi. Kioo kilikuwa plastiki iliyokwaruzika hata kabla ya safari. Ukingo wake mgumu kama wa karai. Mrija mwembamba kama wa kunywea soda.

“Mama Muchangi, hii ni ya mtoto kuchezea kwa karai,” alimwambia Igoki. “Nani amekupa?”

Jumanne, Kathuri akaja mwenyewe sokoni, amekasirika, akina mama kadhaa nyuma yake.

“Mama, wewe unauza mitumba. Mbona unanitishia watu? Wanaenda kujifurahisha, hawaendi kuwa samaki.”

“Wataingilia wapi majini?”

“Boti itawapeleka nje ya mwamba. Huko ndiko picha hutoka poa.”

“Nje ya mwamba!” Zuleka aliweka chini kitambaa alichokuwa akipangusia. “Watu ambao maji hayajawahi kupita magoti? Huko kuna kina, kuna mkondo. Mtu mgeni huanzia ndani ya mwamba, maji yakiwa yamepwa, mahali anaposimama akichoka.”

“Wana jaketi za kuelea.”

“Jaketi inaelea, kijana wangu. Haipumui.”

Watu walikuwa wamekusanyika. Zuleka akachukua miwani yake bora, ya mpira laini wa silikoni, akamvalisha Igoki. Anavyopima yeye ni hivi: unaibandika usoni bila mkanda, unavuta hewa kwa pua, unaachia mkono. Ikishika yenyewe ni yako. Ikianguka si yako, hata kama umependa rangi yake.

Ilianguka.

Akajaribu ya pili, hii akaikaza kwa mkanda. Igoki akainama kwenye beseni, akainuka macho yakiogelea ndani ya miwani.

“Hiyo ndiyo ya Ulaya?” Kathuri alipaza sauti. “Si hata yangu iko na maua!” Soko zima likaangua kicheko. Wawili kati ya wale akina mama wakaanza kuondoka.

Zuleka anasema wakati huo aliona aibu hata masikio yakamwaka. Hapo Igoki akajipangusa kwa leso, na shavu lake likang’aa kwenye jua. Zuleka akalipitishia kidole.

“Umepaka nini?”

“Si ni mafuta tu.”

“Mafuta gani?”

“Ya kukamulia ng’ombe. Baridi ya Kibugu inapasua uso, Mama Yasser, wewe mwenyewe unajua. Mkono ukitoka kwa chuchu unapita usoni.”

“Mmepaka nyote?”

Akina mama wakatazamana. Walikuwa wanang’aa kama sufuria mpya. Miwani hushika ngozi kavu. Juu ya mafuta huteleza, na maji hupata njia.

Zuleka akamwosha Igoki kwa sabuni ya kipande, masikio hadi kidevu, kama mtoto wa Jumapili. Akamvalisha upya. Igoki akainama, akakaa chini ya maji muda mrefu hadi jirani yake, Ruguru, akaogopa na kumgonga mgongoni.

“Niache!” Igoki aliinuka na mrija ukining’inia. “Kuna ua jekundu huku chini ya beseni, na mchwa amekufa juu yake. Naona hata miguu!”

Kisha kwa uso ule ule usio na mafuta akavaa ile aliyonunuliwa na Kathuri. Maji yakaingia kabla hayajamfika masikioni.

Kathuri hakuomba radhi. Alisema vitu vimenunuliwa na havirudishwi, boti imeshawekwa, na anayeogopa atakaa mchangani awashikie wenzake viatu.

Hilo ndilo Zuleka hawezi kulisimulia akiwa ameketi. “Mwanamke amebeba kikapu cha chai mgongoni mwaka mzima kwenye ukungu. Anachanga, anafunga safari. Halafu unamwambia achague: azame ama ashike viatu? Wallahi, hiyo si safari, ni matusi!”

Aliyelimaliza jambo ni Igoki. “Kathuri, basi la safari ni pesa yetu. Boti ni pesa yetu. Wewe ndiwe tumekuandika, hujatuandika. Nje ya mwamba hatuendi. Na huyu mama tunaenda naye.”

“Viti vimejaa.”

“Chako hakijajaa,” alidakia Ruguru. “Kiko na mtu mmoja tu, na twaweza kumshusha.”

Kathuri akakubali kwa shingo upande.

Leo Zuleka anafunga virago. Asmaa, jirani yake muuza nguo za watoto, atamwangalizia kibanda. Ana miwani sita inayofaa na akina mama ni zaidi ya sita, kwa hiyo wataingia kwa zamu, wawili wawili wameshikana mikono, maji ya kiuno, bahari ikiwa imetulia. Asubuhi ya kuingia majini hakuna mafuta usoni. Baridi ya Kibugu haitawafuata Diani.

Akirudi, anataka kupanda mwenyewe hadi vituo vya kununulia majani chai kabla ya msimu wa Desemba, awafundishe akina mama huko huko kwao kabla mjanja mwingine hajawafikia.

Anaufunga mfuko kwa kamba na kuupima uzito kwa mkono.

“Bahari sikutaka kuirudia, nilizika mume wangu kando yake. Lakini nataka Igoki arudi Kibugu akiwasimulia watu samaki,” anasema. “Sitaki turudi bila yeye, tukiwasimulia habari zake.”