Kanga ya Mwali Nyuma ya Nguzo

Wenzangu wa rika langu, mnaukumbuka ule utoto wa kutoka nyumbani asubuhi na kipande cha muhogo wa kuchoma mkononi, mnarudi jua limeshachoka, miguu imejaa vumbi, na hakuna aliyewauliza mlikuwa wapi? Mimi shule niliishia darasa la pili, lakini mtoni nilimaliza madarasa yote!

Kijiji chetu kilikuwa kule chini, karibu na Ruvuma inapomwaga maji baharini. Ruvuma yenyewe tulikatazwa, mamba hana mchezo. Sisi tulikuwa na mto wetu mdogo wa kufulia na kuogelea, na katikati yake ilisimama nguzo ya daraja la zamani lililosombwa na mafuriko. Nguzo nene ya zege, ya pembe nne, imejisimamia kama mtu mkaidi mlangoni. Maji yakiifikia yanagawana huku na huku, halafu nyuma yake yanavurugika, jamani! Yanazunguka, yanarudi kinyumenyume, yanagombana yenyewe kwa yenyewe. Mtumbwi haufanyi vile. Mtumbwi umechongwa, maji yanaupitia na kufungana nyuma kimya kimya. Nguzo haina adabu hiyo.

Basi pale ndiyo ilikuwa sinema yetu. Tunatupa vifuu vya nazi kule maji yanakotokea, tunakimbia kutazama. Kinachopita mbali kinakwenda zake. Kinachoigusa nguzo kinavutwa nyuma yake, kinabaki kinacheza pale. Na yale maji ya kuzunguka yalikuwa na zamu, nyie! Duara linachomoka kulia, linalofuata kushoto, kulia, kushoto, kama wanawake wawili wanaotwanga kinu kimoja. Tunabishana kifuu kitatokezea upande gani, na aliyekosa anambebea mwenzake ndoo mpaka nyumbani. Rafiki yangu Asha alinibebea mpaka akaninunia.

Sasa mwaka dada yangu Hadija alipokuwa mwali, yuko ndani ya unyago, baba alimnunulia doti moja ya kanga nyekundu. Korosho za msimu mzima ndiyo zile! Kanga mpya ilikuwa ngumu kama karatasi, lazima ifuliwe itoke gundi. Ikabaki siku moja dada atolewe nje kwa ngoma, mama akanituma mtoni.

Nikafua zote mbili, nikaziweka juu ya jiwe la ukingoni, maji hayajafika kwenye nguzo. Nikasema ngoja nitupe kifuu kimoja tu. Kimoja kikawa vitano. Kugeuka hivi, jiweni imebaki kanga moja, nyingine imeteleza majini!

Nilipiga ukelele mama akaja mbio, na nusu ya kijiji nyuma yake.

"We Somoe! Hiyo nguo ikienda, na wewe nenda nayo!"

Maana mwali hatolewi na nusu doti. Watu wangeimba mpaka wajukuu zake wasikie. Wanawake wote wakakimbilia chini, kule maji yanakoelekea, wakapekua mikoko. Mimi nikabaki nimeikodolea macho ile nguzo, nalia.

Asha akanivuta mkono. "Maji yanakwenda kule, wewe unatazama nguzo? Umerogwa?"

"Kifuu huwa kinakwenda wapi?" nikamwuliza.

Tukatazama wote. Mara, nyuma ya nguzo, pembe nyekundu ikachungulia kulia, ikazama. Ikachungulia kushoto, ikazama. Kanga ya dada inacheza ngoma peke yake!

Nikachukua mwanzi, nikaingia maji ya kiunoni. Nilipoiona tu nikaichokoa. Nikakosa, imeshahamia upande wa pili. Asha akapiga kelele, "Ngoja zamu yako, mjinga wewe!" Nikasimama upande wa kushoto, nikahesabu kama tulivyohesabu vifuu. Kulia... kushoto... haya! Mwanzi ukainasa, nikaivuta, nikaikumbatia na tope lake.

Vigelegele vilivyopigwa pale! Wanawake wakanibeba juu juu. Mama yeye akanipa kofi dogo la mgongo. "Akili hiyo ungekuwa nayo mapema, ungeikalia isiende." Lakini nilimwona anajifuta macho.

Kesho yake Hadija akatoka na doti kamili, nyekundu, anang'aa, mimi nacheza mbele yake kama mwali ni mimi.

Siku hizi mwali anatolewa na gauni la kushonwa, picha zimefika Dar kabla yeye hajafika uwanjani. Nikiwahadithia wajukuu zangu hapa mjini, mtaani kwetu Chuno, wananishangaa. "Sasa bibi, si mngepanda boda hadi sokoni Chikongola mkanunua nyingine?" Nacheka mpaka mbavu zinauma. Kununua mnajua, wanangu, mmetushinda. Lakini kijiji kizima kuruka kwa furaha mtoni, kwa sababu ya kipande kimoja cha nguo kilicholowa, hiyo mtaipata duka gani?